Mama Severa Mtenga na Ukuta wa Upande wa Uani

Mama tunayemlaza leo, Severa Mtenga, alizaliwa Kilema, Kilimanjaro, tarehe 6 Februari 1896, mtoto wa nne wa Mzee Tesha na mkewe Maria. Nyumba alimozaliwa ilikuwa ya majani, na kazi yake tangu alipoweza kubeba kuni ilikuwa kuwasha moto wa jioni ili moshi upande darini ufukuze wadudu. Mama yake alimfundisha kunyamaza kidogo kabla ya kulala na kusikiliza paa. Waliowahi kukaa naye wanajua kwamba tabia hiyo hakuiacha, hata katika mji wenye kelele kama huu wetu.

Alibatizwa mwaka 1905 na kusoma kwa masista wa misheni ya Kilema kwa miaka mitano. Alijifunza kusoma, kuandika, sala, na zaidi ya yote kushona. Dada yake Clotilda, aliyesafiri kwa treni na basi siku mbili ili awe nasi hapa, anasimulia kwamba siku moja sista alimpa Severa shuka iliyochanika aitie kiraka. Aliporudisha, sista aliigeuza huku na huku asikione kiraka kiko wapi, akamkaripia kwa kudhani hajafanya kazi. Severa aliishika shuka akaiinua dirishani ili mwanga upite, ndipo kiraka kikaonekana.

Alifunga ndoa na Augustino Mtenga katika kanisa la Kilema tarehe 11 Januari 1919, Augustino akiwa ametoka vitani salama lakini kimya. Mwaka 1922 Augustino alipata kazi katika karakana ya reli, Gerezani, na wakahamia Dar es Salaam. Walijaliwa watoto wanne. Wawili walifariki wadogo kwa homa, na waliobaki ni Tarsis na Josepha. Mwaka 1931 walijenga nyumba yao Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, vyumba sita vinavyotazamana na ukumbi katikati. Kuta zilikuwa za boriti na fito zilizokandikwa udongo, na paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa.

Marehemu hakuajiriwa popote. Kazi yake ilikuwa nyumba, na aliifanya kama wengine wanavyofanya kazi ya serikali. Hakuna kitu kilichotoka mlangoni kwake kikiwa bado na kazi. Vipande vya sabuni vilivyokonda aliviweka ndani ya soksi kuukuu, akafulia soksi. Makoko ya wali aliyakausha juu ya paa. Mifuko ya unga aliigeuza kuwa shuka, foronya na nguo za shule. Tarsis aliwahi kuvaa kaptula yenye maandishi ya kiwanda cha unga yaliyogoma kufutika upande wa nyuma, na wenzake darasani walimsoma mwaka mzima. Alipokuja kulia, mama yake alimwambia, "Waache wasome. Ndiyo sababu wamepelekwa shule." Wanawake wa mtaa walimletea nguo azitie viraka, naye alikaa barazani na sindano yake mpaka adhana ya alasiri, ndipo akaingia kupika.

Mzee Augustino alifariki tarehe 17 Agosti 1949. Katika siku zake za mwisho alimwita mkewe akamwambia jambo ambalo watoto wao hawakulielewa wakati ule. "Severa," alisema, "boriti za upande wa uani niliziweka mbichi. Mvua ilikuwa inakuja. Niliharakisha." Mama alimjibu alale, ukuta upo. Lakini kuanzia mwaka ule, kila baada ya msimu wa mvua, alikuwa akiupitisha mkono wake kwenye ukuta ule kutoka pembe hadi pembe, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

Chumba cha uani alikuwa amempangisha Bibi Zamzam, ambaye mumewe yuko mashamba ya katani Tanga, pamoja na watoto wake watatu. Mwezi wa Oktoba 1955, Marehemu aliingia kumsaidia Zamzam kupaka chokaa. Alipokuwa anausugua ukuta, kidole chake kilizama mpaka kwenye fundo. Nyuma ya udongo hapakuwa na mti, palikuwa na unga. Aliweka sikio, akamwambia Zamzam naye aweke lake. Zamzam anasema alisikia kama watu wengi wanatafuna mchele mkavu, taratibu, bila kupumzika.

"Nini hicho, mama?"

"Mchwa. Kijakazi analala upande gani?"

Kijakazi ndiye binti mdogo wa Zamzam, wakati huo ana miaka minne. Alikuwa analala kichwa kikigusa ukuta ule.

Aliitwa fundi Fikirini, ambaye amejenga na kubomoa nyumba nyingi za Kariakoo. Alizunguka na nyundo yake akigonga kila chumba. Alipomaliza alikaa kwenye kizingiti, akavua kofia.

"Mama Josepha, sitakudanganya. Nyumba hii imesimama kwa mazoea tu."

"Nini kifanyike?"

"Ibomolewe yote, ijengwe matofali."

"Hilo siliwezi. Lingine?"

"Lingine ni kubadilisha boriti moja moja. Lakini huwezi kuanza na ukuta huu mbovu, maana kuta nyingine nazo zimeliwa, na ukigusa huu paa lote litalala. Uanze mbele, uje nyuma. Huu uwe wa mwisho. Na mpaka ufike huku, Mungu akuwekee."

Marehemu alikuwa na miaka hamsini na tisa. Aliposema ataifanya kazi hiyo mwenyewe, Fikirini akija mara moja kwa juma kumwonyesha, wanawe walimkataza. Josepha alimsihi ahamie kwake Ilala. Alijibu, "Nikihama mimi, Zamzam atahamia wapi?"

Akaanza Januari 1956. Alijifunza kuegemeza paa kwa miti, kuchimba boriti iliyooza, na kusimamisha mpya iliyopakwa oili chafu ambayo watu wa karakana, kwa kumkumbuka marehemu mumewe, walikuwa wakimwekea kwenye kopo. Mbao alizipata kwenye makasha yaliyotupwa nyuma ya soko. Misumari aliing'oa humo humo kwenye makasha, akakaa uani akiinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Mitaani watu wakaanza kusema. Wengine walisema mjane anachimbua mali iliyofukiwa na Wajerumani. Wengine walisema mtu anayechimba chini ya nyumba aliyofia mumewe anajichimbia. Maneno yalimfikia. Alisema, "Wakija na majembe nitawapokea."

Kazi ilikwenda, lakini haikuwa kazi ya kuleta furaha. Kila ukuta aliofungua ulikuwa mbaya kuliko Fikirini alivyodhani. Milango iliyokuwa ikifunga ilianza kukwama, na iliyokuwa ikikwama ikajifungua yenyewe. Ufa ulitokea juu ya dirisha la uani, mwembamba kama uzi. Marehemu aliupaka udongo mwembamba ili auone ukitembea. Kila alipoupaka, ulipasuka tena, na kila mara ulikuwa umeshuka kidogo.

Mwezi wa Julai 1956 chumba cha kwanza mbele kilikamilika. Kilikuwa chake mwenyewe, alicholala na mumewe. Alikipaka chokaa, akatandika mkeka mpya, kisha akamwita Zamzam.

"Hamieni hapa na watoto."

"Na wewe, mama, utalala wapi?"

"Kule kwenu. Vyumba vingine ndivyo vinavyofunguliwa sasa."

Zamzam alikataa. Alilia, akasema hawezi kulala salama akijua mama mwenye nyumba amelala chini ya ukuta ule. Marehemu alikwisha beba godoro la kwanza. "Mimi nasikia usingizini," alisema. "Watoto hawasikii." Akahamia, akatoa amri moja ambayo hakuna aliyeivunja: asiingie mtu yeyote chumba kile isipokuwa yeye. Hata Josepha alipokuja kumtembelea, walizungumza ukumbini.

Hivyo alilala chini ya ukuta ule miezi tisa. Asubuhi, watoto wa Zamzam wakimwamkia "Shikamoo, bibi," aliitika "Marahaba" na kabla ya jambo lingine aliwauliza walilalaje. Yeye mwenyewe hakuulizwa, kwa sababu uso wake ulionyesha. Ilipofika Machi mwaka huu kuta zote zilikuwa zimekwisha isipokuwa ule wa uani. Fikirini alishauri wangoje mvua zipite. Marehemu aliutazama ufa, ambao sasa uliingia kidole, akasema hauwezi kungoja.

Jumamosi ya tarehe 30 Machi, akinyoosha misumari kwa ajili ya ukuta huo, mmoja ulimteleza ukamwingia kiganjani. Aliuchomoa, akaosha kwa maji ya chumvi na mafuta ya taa, akafunga kwa kipande cha kanga. Josepha alimwambia aende hospitali akachomwe sindano. "Nikamsumbue daktari kwa msumari?" alisema. Kidonda kilifunga vizuri, na akaendelea na kazi. Tunayasema haya bila kumlaumu. Alikuwa amejitunza hivyo maisha yake yote, na maisha yake yote ilikuwa imetosha.

Jumatatu ya tarehe 8 Aprili, alipokuwa anakunywa uji, alimwambia Zamzam kwamba taya limechoka. Jioni hakuweza kufungua kinywa kuingiza kijiko. Shingo ilikakamaa. Tarsis alimpeleka hospitali, na daktari alipomwona tu alifunga madirisha, akaagiza watu waseme kwa sauti ya chini. Ilikuwa pepopunda. Alitueleza kwamba mwanga wa ghafla au kishindo chochote kingeufanya mwili wake wote ujikaze, na kwamba lazima apate utulivu kamili.

Siku ya Jumatano masika yalishuka. Wote mnaikumbuka mvua ile. Ilipiga bati la wodi mchana kutwa, na hapakuwa na mtu wa kuinyamazisha. Kila ilipozidi, mwili wake ulipinda kama upinde, naye fahamu zote anazo. Josepha na Tarsis walisimama pande mbili za kitanda wakiwa wamemfunika masikio kwa viganja vyao. Mvua iliponyamaza walikuwa hawawezi kunyoosha mikono.

Alasiri hiyo hiyo, huku Mtaa wa Mchikichi, ukuta wa uani ulianguka. Haukutoa onyo. Majirani walisikia kishindo kimoja kizito. Ulianguka kwa ndani, wote mzima, juu ya kitanda. Paa la chumba kile lilishuka upande mmoja. Kuta nyingine zote, zile alizozijenga kwa mikono yake, hazikutikisika, na Zamzam na watoto wake walikuwa chumba cha mbele wakimenya mihogo.

Zamzam alikwenda hospitali kwa miguu katika tope. Tulimwomba asiseme kitu. Lakini Marehemu alipomwona nguo zake zimejaa udongo mwekundu alijua. Alisema kwa meno yaliyofungana, neno moja moja:

"Watoto?"

"Wazima, mama. Wote wazima."

"Ukuta?"

Zamzam alitutazama, kisha akamwambia kweli. "Umeanguka, mama. Kitandani kwako."

Alifumba macho. Tulidhani amelala. Baadaye alisema tena, na ilibidi Josepha ainame sana ili asikie. "Boriti nzima zitolewe," alisema. "Zisitupwe."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kuhusu nyumba. Alhamisi alipokea mpako wa mwisho, na Ijumaa, tarehe 12 Aprili 1957, saa mbili asubuhi, alifariki dunia, mvua ikiwa imekatika. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja.

Kuna waliokuja msibani wakatuambia kwamba ameuawa na nyumba ile, na kwamba ichomwe au iuzwe. Kuna waliosema maneno ya mtaani yametimia. Tumewasikiliza kwa heshima. Sisi tunajua kwamba kwa miezi tisa kulikuwa na kichwa kilichopaswa kulala pale, cha mtoto wa miaka mitano ambaye leo amesimama hapa akiwa ameshika kanga ya mama yake, na kwamba Marehemu alikiondoa akaweka chake. Hatuna la kuongeza juu ya hilo.

Hata hivyo tunawaomba. Wale mtakaorudi nyumbani kunywa chai baada ya mazishi, msipite uani, na msiwaruhusu watoto kwenda kutazama. Sehemu ile bado inashuka, na jana jioni Fikirini alisikia mti ukilia ndani ya kona iliyobaki. Jumatatu, mvua ikituruhusu, ataanza nasi kuichimbua. Zamzam amekwisha tenga boriti nne ambazo mchwa hawakuzigusa.

Marehemu ameacha mwanawe Tarsis na mkewe Agnesi, binti yake Josepha na mumewe Elisaria, wajukuu saba, dada yake Clotilda wa Kilema, na Zamzam pamoja na wanawe watatu, ambao kwa ombi la familia wameandikwa hapa na wataendelea kukaa chumba cha mbele.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Severa, umpe mahali pa kulala pasipo na hofu.