Bi. Nyevu Baya na Slaidi Mbili Zilizobadilisha Godauni Letu

Na Everlyne Awiti, Idara ya Utumishi

Tarehe 31 Desemba 1999, Bi. Nyevu Baya, Mkufunzi wa Usalama Kazini, anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Uchukuzi ya Mwambakuu kwa miaka ishirini na minane. Wengi wetu tulipoajiriwa hapa Shimanzi tulimkuta, na baadhi yetu tulikuwa hata hatujazaliwa alipoanza kazi.

Aliingia mwaka 1971 akiwa mpiga taipu. Ofisi wakati huo ilikuwa chumba kimoja juu ya godauni, na dirisha lake lilitazama uwanja wa malori. Waliofanya kazi naye wanasimulia kwamba aliweza kupiga taipu hati ya mzigo huku akimkaripia dereva aliyeegesha vibaya, na asikosee herufi hata moja. Karipio hilo ndilo lililombadilishia kazi. Meneja wa enzi hizo aliona kwamba madereva walimsikiliza Bi. Nyevu kuliko walivyomsikiliza msimamizi wao, akampeleka kusomea usalama kazini. Aliporudi alipewa ubao, chaki na darasa la watu wazima waliopenda mzaha.

Kuchora hakukuwa kipaji chake. Lori alilolichora ubaoni lilifanana na kiatu, na kwa miaka mingi somo lake liliitwa na madereva "darasa la kiatu". Yeye mwenyewe alilitumia jina hilo bila kinyongo. Alichojali ni kwamba walikuja.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera, na hilo halikuwa na mzaha. Ndani ya godauni kubwa, makuli waliobeba magunia walipita njia moja na foklifti, zile gari za kunyanyulia mizigo. Bi. Nyevu aliomba mara kadhaa njia ya watu itengwe na kuwekewa reli. Wakurugenzi walimsikiliza kwa adabu, wakamshukuru, wakaendelea na ajenda iliyofuata. Kisha mwaka 1996, foklifti iliyokuwa imebeba shehena ndefu ya magunia ilimgonga Dzoro, kuli ambaye wengi wetu twamjua. Alipona, ila mguu wake wa kushoto haukurudi kuwa ule wa zamani. Bi. Nyevu alikwenda hospitali kumtazama kila wiki. Aliomba tena ile njia. Akaambiwa jambo lake litaangaliwa.

Mwaka uliofuata kampuni ilileta kompyuta mpya, na Meneja Mkuu wetu, Bw. Jared Oloo, akatangaza kwamba kuanzia sasa kila idara itatoa taarifa zake kwa slaidi, ukutani, kwa projekta. Bi. Nyevu alikuwa amepita umri wa miaka hamsini. Mara ya kwanza kushika kipanya alikikandamiza mezani kama anayepiga pasi. Hata hivyo alijiandikisha katika chuo kidogo cha kompyuta kule Ganjoni, karibu na kwake, na kila Jumamosi alikwenda na diski zake mkobani.

Programu ile ya kutengeneza slaidi ilimfurahisha mno. Aligundua kwamba maneno yaweza kuingia yakiruka kutoka pembeni, kwamba kila mstari waweza kupewa rangi yake, na, raha iliyoje, kwamba waweza kupewa mlio. Aliuchagua mlio wa breki za gari. Alitayarisha somo lote la usalama godauni, akaliandika neno kwa neno, na siku ya siku tukaziba madirisha ya kantini kwa mablanketi ili ukuta uonekane. Kila mstari uliingia ukipiga breki. Madereva walicheka hadi machozi. Waliokaa nyuma walianza kuitikia kila breki kwa kushikilia viti vyao. Bi. Nyevu naye alicheka, akamaliza, akapigiwa makofi.

Kesho yake alimwuliza Bw. Charo, kiongozi wa madereva, wamekumbuka nini.

"Breki, Mama," akajibu Charo. "Na wenzangu wauliza, zile breki zilikuwa za lori gani?"

Hapo hakucheka. Alikuwa amewaeleza jinsi mtu anavyoweza kufa ndani ya godauni, nao walitoka na mlio peke yake. Alituambia baadaye kwamba alirudi ofisini, akafunga mlango, kwani aliona kwamba kwa miaka yote hiyo huenda hata wakurugenzi walimsikia vivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata alimwonyesha mwalimu wake, Bw. Arnold Chonga, kazi yote. Mwalimu aliitazama kwa makini, kisha akasema kwa upole, "Mama, hii si slaidi, ni barua. Wakiisoma hawakusikilizi, na wakikusikiliza hawaisomi. Kila slaidi ichagulie jambo moja."

Alianza kupunguza. Milio ikaenda, rangi zikabaki mbili, herufi zikakua. Sentensi ndefu alizihamisha kutoka ukutani akazitia kinywani, azitamke mwenyewe. Mazoezi aliyafanya nyumbani mbele ya mumewe, Mzee Gunga, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni pale Ngome ya Yesu. Mzee Gunga alimvumilia kidogo, kisha akamkatiza. "Wewe wauzungumzia ukuta, nami niko huku. Mimi nikiwapeleka wageni ngomeni, ukuta nshaujua. Nawatazama wao, nijue wameelewa au wamechoka." Bi. Nyevu alinuna, akageuza kiti, akaanza upya akimtazama.

Mkutano wa wakurugenzi ulipangwa mapema mwaka 1998, naye alikusudia kuomba ile njia kwa mara nyingine. Fikira yake ilikuwa kuonyesha picha ya mguu wa Dzoro. Alikwenda kwake kumwomba ruhusa. Dzoro akamjibu, "Mama, mguu wangu uwache. Wakiuona watanihurumia mimi, halafu basi. Waonyeshe alichokuwa akikiona dereva."

Bi. Nyevu husema hilo ndilo somo kubwa kuliko yote aliyopata, na lilitoka nje ya chuo. Alichukua kamera, akapanda kwenye kiti cha foklifti iliyopakiwa kama ilivyokuwa siku ile, akapiga picha. Kisha akaomba mzigo uteremshwe, foklifti isisogee hata kidogo, akapiga ya pili. Mwalimu Arnold alimsaidia kuziingiza katika kompyuta.

Nilikuwepo mkutanoni kuandika kumbukumbu, kwa hiyo naweza kusema kilichotokea. Bi. Nyevu alisimama bila karatasi. Alionyesha picha ya kwanza: magunia, magunia tu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Akageuka, akawatazama wakurugenzi mmoja mmoja.

"Hiki ndicho anachokiona dereva wetu," akasema. "Mwamwona mtu hapo?"

Walikaza macho. Mmoja akasema hamna mtu. Bw. Oloo akasema hata yeye haoni.

Akabonyeza. Picha ya pili ilikuwa ya mahali pale pale, mzigo umeondolewa. Katikati ya njia, karibu kabisa, alisimama Dzoro na mkongojo wake, akiitazama kamera.

"Alikuwepo wakati wote," akasema Bi. Nyevu.

Nilisahau kuandika. Bw. Oloo alivua miwani, akauliza swali moja tu: kazi ya reli yaweza kuanza lini? Ilianza wiki ile ile. Leo godauni lina njia ya watu yenye reli, vioo vya pembeni, na msimamizi wa njia anayeamua nani apite na nani asubiri. Msimamizi huyo ni Dzoro mwenyewe, na hata Meneja Mkuu husimama anaponyanyuliwa mkono. Tangu hapo hakuna mtu aliyegongwa na foklifti ndani ya godauni letu.

Baada ya mkutano ule idara zote zilimkimbilia. Alitufundisha bila kuringa, ingawa hakutubembeleza. Idara ya Hesabu ilipomletea slaidi yenye jedwali lililojaa namba ndogo kama siafu, aliwauliza tu, "Mwataka tukumbuke lipi?" Walishauriana, wakachagua namba moja. Mimi alinipokonya slaidi yenye picha za maua kila pembe. Niliyapenda sana yale maua, na bado nayakumbuka.

Mwezi uliopita darasa lilishikwa na Bi. Kate Kazungu, anayechukua nafasi yake. Bi. Nyevu alikaa nyuma kabisa, kati ya madereva, mikono mapajani, akisikiliza kama mwanafunzi. Kate alipomaliza na kuuliza kama kuna swali, Bi. Nyevu alinyoosha mkono. Tulidhani atamsahihisha. Akaomba tu arudishiwe slaidi ya mwisho, kwa kuwa ilikuwa nzuri na alitaka kuitazama tena.

Bi. Nyevu, kwa niaba ya madereva, makuli, makarani na wakurugenzi wa Mwambakuu, twakushukuru kwa uvumilivu wako na kwa ukali wako pia. Kuna wanaume wanaorudi nyumbani kwao kila jioni wakitembea kwa miguu yao miwili kwa sababu yako, na wengi wao hawajui. Sisi twajua. Kapumzike na Mzee Gunga kwa raha mustarehe. Afya ikuandame, na siku zako zote zilizo mbele ziwe za heri.