Mama Maroa na Tuta la Got Rateng'

Tarehe 31 Desemba 1998, Bi. Robi Mirumbe, ambaye wote tunamwita Mama Maroa, atastaafu baada ya kufanya kazi katika Machimbo ya Kokoto ya Got Rateng', hapa Migori, kwa miaka ishirini na saba. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Ken Bichage wa mizani, niandike wasifu wake. Nimekubali kwa furaha, ingawa mwenyewe amenionya nisimgeuze malaika. Asiwe na wasiwasi. Tunamfahamu.

Mama Maroa ni mzaliwa wa Kuria. Alifika hapa mwaka wa 1971 pamoja na akina mama waliokuwa wakigonga mawe kwa nyundo, kabla kampuni haijanunua mashine ya kusaga. Wanaokumbuka siku hizo wanasema alikuwa akiimba kwa sauti kubwa kiasi kwamba msimamizi alimhamisha mara mbili apate kusikia anachoambiwa na wengine. Mashine ilipoletwa akapelekwa sehemu ya kuoshea kokoto, na huko ndiko alikokutana na kazi ya maisha yake: bwawa la tope.

Kwa mgeni aliyealikwa leo, nieleze kidogo. Maji yanayoosha kokoto hutoka yakiwa mazito kama uji. Hatuwezi kuyamwaga kwenye kijito ambacho watu wanachota maji, kwa hiyo tunayaingiza bwawani, yatulie, tope lizame, kisha maji yaliyotakata yatoke kwa bomba. Yanazuiwa na tuta la udongo tu, lenye kimo cha nyumba ya kawaida. Si kubwa. Lakini chini yake kuna kijito, na kando ya kijito kuna soko.

Mwaka wa 1984 kampuni ilimpeleka Kisumu kujifunza utunzaji wa matuta ya namna hii. Alirudi na cheti na ukali mpya. Akatangaza kwamba juu ya tuta lake hataki ng'ombe, hataki mti, na hataki mnyama yeyote mwenye kucha za kuchimba.

Ng'ombe walikuwa wa jirani yetu, Mzee Onyango. Kwato zao zilikuwa ziking'oa nyasi, na udongo ukibaki wazi mvua huuchukua. Baada ya kuwafukuza mara nyingi, siku moja Mama Maroa aliwaswaga mwenyewe hadi nyumbani kwa mzee akamwambia, "Nimekuletea wageni, Mzee Onyango. Chakula wamekula kwangu, sasa wewe wape chai." Mzee hakumsalimia tena mpaka mavuno.

Kuhusu miti, wengi mnakumbuka siku ya upanzi wa mwaka wa 1990. Mgeni wa heshima alipanda jakaranda katikati kabisa ya tuta, tukapiga makofi. Mama Maroa naye alipiga makofi. Wiki iliyofuata yeye na Mhandisi Nyamweya wa kampuni waliung'oa taratibu pamoja na udongo wake, wakaupanda mbele ya ofisi, kwa sababu mizizi ikioza ndani ya tuta huyaachia maji njia. Mgeni yule aliporudi miaka miwili baadaye, aliutazama mti wake, akausifu kwa jinsi ulivyopenda mahali pale. Tukapiga makofi tena.

Fuko ndio waliomshinda. Aliwatega, akawafukiza moshi, akawatukana kwa Kikuria na kwa Kijaluo, na bado kila msimu walirudi. Ninyi mliokuwa mkinywa chai ya saa nne mkaona mlango unafunguliwa na fuko mfu anainuliwa juu kama kombe la mpira, mnajua ninachosema.

Mwaka wa 1993 alikwenda Homa Bay, kwenye machimbo yetu ya pili, kusimamia ujenzi wa bwawa kama hili. Wajenzi walitaka kumwaga udongo wote kwa mkupuo. Mama Maroa aliwarudisha nyuma: tabaka jembamba, shindilia, tabaka jingine, shindilia. Walimlalamikia sana. Leo tuta lile halina hata unyevu, na wajenzi walewale wakialikwa kazini kwingine hulitaja kwa kujisifu.

Sasa nifike mwaka jana, maana najua ndicho mnachosubiri.

Mwezi wa Mei mvua ya masika ilizidi, maji yakapanda bwawani, na Mama Maroa akapiga king'ora. Soko zima lilikimbilia mlimani. Halafu mvua ikakatika, jua likawaka, na tuta likakaa pale pale. Beverlyne, anayeleta samaki kutoka Karungu, aliporudi kwenye meza yake alikuta mbwa wamemaliza beseni lote. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiwaambia wateja, "Bwawa la Mama Maroa hupasukia mdomoni mwake tu." Watu walicheka. Mama Maroa naye alicheka, lakini mimi nilikuwa naye ofisini siku moja utani ule ulipopita dirishani, nikaona jinsi alivyoinuka akalifunga.

Kisha Novemba ikaja na El Niño. Asubuhi moja ya siku ya soko, Mama Maroa alikuwa akikagua chini ya tuta kama kawaida yake, akaona maji yakibubujika ardhini mahali ambapo jana palikuwa pakavu. Aliyakinga kwa kiganja. Maji safi yanayovuja kidogo si jambo la kutisha sana. Haya yalikuwa ya rangi ya udongo, na maana yake ni kwamba tuta lilikuwa linaliwa kutoka ndani.

Alimwita Mhandisi Nyamweya, na hawakubishana hata kidogo. "Tusizibe," mhandisi alisema. "Tukiziba hapa yatatokea kwingine. Tuyaache yatoke, ila udongo ubaki." Akaagiza mchanga utandazwe juu ya ile chemchemi, juu ya mchanga kokoto ndogo, juu ya kokoto mawe. Sidhani kuna bwawa lingine lililougua karibu na dawa yake namna ile! Kila mwenye mikono alishika wilbaro, mimi nikiwemo, na tai yangu shingoni.

Yalibaki mambo mawili: kupunguza maji bwawani, na watu wa soko.

La kwanza lilihitaji kupanua mfereji wa maji ya ziada, ule unaopita pembeni kwenye ardhi ngumu. Tingatinga lilizama matopeni kabla ya kufika. Ndipo akatokea Mzee Onyango na jembe lake la kukokotwa na ng'ombe, bila kuitwa na mtu. "Nyar Kuria," alimwambia Mama Maroa, yaani binti wa Kuria, "leo ng'ombe wangu wanaruhusiwa?"

"Pembeni, mzee! Juu ya tuta hapana!"

Mzee alicheka, akaanza kulima mfereji, na vijana wenye sepetu wakamfuata nyuma.

La pili lilikuwa gumu zaidi. King'ora kilikuwepo, lakini Mama Maroa alijua kwamba akikipiga watu watatazamana tu na kuendelea kupima samaki. Basi alishuka mwenyewe kwa miguu, tope limemfika magotini, akapita wauzaji wote hadi kwenye meza ya Beverlyne.

"Beverlyne, nisaidie. Ukihama wewe, wote watahama."

"Yawa, Mama Maroa, tena?" Beverlyne alisema. "Una hakika litapasuka?"

"Sina. Pengine utarudi jioni ukanicheka. Lakini nimeona maji yanatoka na udongo, na siwezi kukaa kule juu huku ninyi mko hapa."

Beverlyne mwenyewe ameniambia kwamba kama angejibiwa "ndiyo, nina hakika," asingeondoka. Alimtazama mwanamke yule wa miaka hamsini na zaidi, anajua atachekwa na bado amekuja. Akajitwika beseni la samaki kichwani, akageukia soko na kupaza sauti: "Fungeni mizigo! Kila mtu juu! Na atakayeacha mtoto au mzee nitamshughulikia mimi!" Soko likapanda mlima.

Mchana, maji bwawani yakiwa yameshuka vizuri kupitia mfereji wa Mzee Onyango, kipande cha ubavu wa tuta kilimeguka. Tulisikia mshindo kama lori linamwaga mawe. Tope lilitiririka hadi sokoni, likavunja vibanda na kufunika meza za samaki kabisa. Lakini tuta lenyewe lilisimama, na kule chini hapakuwa na mtu. Hata kuku hakufa.

Mama Maroa aliketi juu ya jiwe akalia mbele yetu sote. Beverlyne alimwendea akakaa kando yake, akafunua beseni na kusema, "Mama, leo mbwa wamelala njaa." Wakaanza kucheka wote wawili, na hapo ndipo sisi wengine tulipojua kwamba mambo yameisha salama.

Tuta limejengwa upya kwa njia yake: tabaka jembamba, shindilia. Ndani ya kile kipande kilichomeguka tulikuta shimo la fuko, na sitaandika hapa alichokisema. Soko limehamia mwinukoni, na mfereji umepanuliwa na kujengewa mawe. Kuanzia Januari kazi itakuwa ya Bi. Scovia Nyarangi, aliyefundishwa na mama huyu kwa mwaka mzima na ambaye tayari ameanza kutukaripia.

Mama Maroa anahamia Sindo, alikojengewa nyumba na mwanawe. Anasema atafuga kuku na kulala mpaka jua lichomoze.

Mama, asante kwa sauti yako, kwa ukali wako, na kwa asubuhi ile uliyoshuka kwa miguu. Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Mbele ya nyumba yako mpya kuna ziwa, na maji yake hayahitaji uyachunge. Keti barazani, yatazame tu.