Neno la Mwalimu Mushumbusi kwa Binti Yake Kokwijuka

Baba Padri, waheshimiwa walimu, ndugu, majirani na nyote mliotoka Bukoba, Kashozi na Izimbya kuja hapa Muleba leo Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1960, familia imemtuma Kagaruki, mdogo wa marehemu, ndiye mimi niliyesimama hapa, awasomee historia ya maisha ya kaka yake, na kabla hajaanza ameagizwa aseme wazi jambo ambalo wengi wenu mmeshaanza kulinong'ona. Kaburi liko tayari tangu asubuhi, sanduku liko tayari, tunayemsubiri ni Kokwijuka, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyepanda meli Mwanza jana jioni, ambaye hajakanyaga nyumba hii kwa miaka saba. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye anayeanza kutupa udongo, na mama yake, Bibi Anastazia, amekataa katakata mtu yeyote kumtangulia. Tena marehemu ameacha neno lake kwa huyo binti, akaagiza lisomwe mbele za watu na yeye akiwa anasikia, la sivyo lizikwe pamoja naye bila kusomwa. Baba Padri ametupa hadi saa nane, kwa sababu anangojwa kwenye ndoa huko Kamachumu. Basi tutasoma, na ninyi mnaogeuza shingo kutazama barabara msione haya, hata msomaji anatazama.

Marehemu Leopoldi Mushumbusi alizaliwa Izimbya tarehe 14 Machi 1909, enzi za Mdachi, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ishengoma. Mama yetu alisimulia kwamba alianza kutembea mapema kuliko watoto wote wa nyumba ile, na tangu hapo hakuna aliyemwona ametulia. Alikula amesimama, alinyolewa akigeuka huku na huku mpaka kinyozi akaomba ashikwe kichwa, na Misa ikirefuka alitoka nje, akalizunguka kanisa, akarudi mahali pake kama mtu aliyekwenda kutazama mbuzi wake. Watu walidhani anaumwa tumbo. Hakuwa na ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa.

Mwaka 1919, Mwingereza akiwa ameshika nchi, alipelekwa Kashozi kwa shangazi yetu, akaanza shule ya misheni, akabatizwa huko Pasaka ya mwaka 1921, na akamaliza masomo yake mwaka 1927, kisha akaingia chuo cha walimu alikohitimu mwezi Novemba 1930. Huko Kashozi ndiko alikokutana na Kiingereza, na Kiingereza kikamkaa kichwani kuliko hata kahawa inavyotukaa sisi. Alipokuja likizo alikisema peke yake kati ya migomba, na baba yetu akamuuliza mama kama mtoto huyu bado ni wetu au wamekwishamchukua.

Alianza kazi ya ualimu Kashozi tarehe 12 Januari 1931, akahamia Kibeta mwaka 1936, kisha shule nyingine mbili au tatu, mara nyingi kwa kuomba mwenyewe, mpaka mwaka 1946 alipoletwa hapa Muleba katika shule ya kati, na hapa, kwa mshangao wa wote waliomfahamu, akakaa. Wanafunzi wake waliopo leo, na ninawaona ni wengi, wanakumbuka kosa lililomnyima raha. Siyo tahajia, hiyo aliivumilia. Lilikuwa lile la mtu kuanza kuorodhesha mambo kwa namna moja halafu katikati akabadilisha, akaandika kwa mfano *The boy likes reading, to swim and football*, yaani kijana anapenda kusoma, ili aogelee na mpira. Aliwaambia kwamba maneno yaliyotumwa kazi moja lazima yavae vazi moja, ukianza na kusoma endelea na kuogelea na kucheza, ama sivyo sentensi inachechemea, inakuwa kama machela ya mgonjwa iliyobebwa na watu watatu warefu na mmoja mfupi. Kisha aliwaita wavulana wanne mbele, akawabebesha benchi, akamweka mwenzao juu yake, na kila aliyeanguka siku hizo hakulisahau somo.

Lakini alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hiyo ndiyo mnayopaswa kuishika, maana bila hiyo hamtaelewa tunamngoja nani na kwa nini. Mwalimu Mushumbusi hakumwandikia mtu sentensi iliyonyooka, hata siku moja. Alichora mstari mwekundu chini ya neno lililopotea, akakurudishia daftari, akaanza kutembea kati ya madawati, mikono nyuma, mpaka wewe mwenyewe uone. Ukimlilia akuonyeshe alijibu, "Nikikuandikia mimi, siku ya mtihani nitakaa wapi, mfukoni mwako?" Wengine mlimchukia kwa hilo. Wengi mlifaulu.

Samahani, kuna gari linasikika. Hapana, wanasema ni la kahawa, linapita. Tuendelee.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Bibi Anastazia, binti wa hapa hapa Muleba, katika kanisa la Kashozi tarehe 9 Januari 1934, na Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza Kokwijuka, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1937, wa pili Rwegoshora, huyu aliyesimama kando ya sanduku, na wadogo wao wawili mnaowaona wamemshika mama. Bibi Anastazia ameruhusu isemwe kwamba kuolewa na marehemu kulikuwa sawa na kufuga upepo, chakula kilipoa huku yeye anazunguka kibanja, shamba lao la migomba, lakini hakuwahi kulala bila kumuuliza siku yake imekwendaje, na kwa hilo anamshukuru mbele yenu.

Kokwijuka alimfuata baba yake kwa kila kitu, kutembea, ubishi, na Kiingereza. Alisoma shule ya wasichana ya masista, na mwaka 1952, alipokuwa anamaliza darasa la nane, ilitakiwa kila msichana anayeomba nafasi ya sekondari aandike insha kwa mkono wake, aeleze kwa nini anataka kusoma. Nafasi zilikuwa chache mno kwa nchi nzima. Aliiandika Jumapili moja, akamletea baba yake uani, tukiwa tumekaa wanaume kadhaa tunatafuna punje za kahawa kama desturi yetu, naye marehemu akaisoma akitembea, akatoa kalamu yake, akachora mistari mitatu myekundu, akamrudishia mbele yetu sote. Kokwijuka akasema, "Tata, nionyeshe tu hapa pa mwisho, muda umekwisha." Marehemu akamjibu, "Miguu ya sentensi inapishana, itafute mwenyewe." Wageni wakacheka. Walicheka tu kama watu wanavyocheka, lakini walicheka.

Sasa mwaka mmoja kabla ya hapo, ndugu yetu Dhirubhai, ambaye yupo hapa na kofia yake mkononi, alikuwa ameweka bango jipya juu ya duka lake pale sokoni, limeandikwa kwa rangi ya buluu *We sell cloth, to repair bicycles and sugar*, yaani tunauza vitambaa, ili kutengeneza baiskeli na sukari. Marehemu aliliona siku ya kwanza akasimama, siku ya pili akapita njia ya mashambani asilione, na baada ya wiki kadhaa za kuzunguka hivyo, suruali imejaa majani, akaingia dukani akaomba ngazi na kopo la rangi, akapanda mwenyewe mbele ya soko zima, akalinyoosha bango lile kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Dhirubhai alimpa chai, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Bibi Anastazia alimwona anakula amekaa.

Ndiyo maana Kokwijuka, wageni wakiwa bado wanacheka, alimtazama baba yake akasema, "Bango la Dhirubhai umelipandia ngazi, Tata. Mimi umenichorea mstari." Akaichukua insha yake, akaituma kama ilivyokuwa, na ile mistari mitatu myekundu ndani yake. Hakupata nafasi. Kama ni kwa sababu ya mistari, au ya sentensi, au ya uchache wa nafasi, hakuna aliyejua wakati ule na hakuna anayejua leo, na marehemu alikwenda mwenyewe Bukoba kwa miguu na kwa lori kumbembeleza ofisa wa elimu, akaambiwa kwamba orodha imefungwa. Mwezi wa tatu mwaka 1953 binti akaondoka kwenda Mwanza kwa mama yake mdogo, akasomea uuguzi, akawa muuguzi mwenye sifa njema, alimwandikia mama, aliwatumia wadogo zake nguo za Noeli, lakini kwa baba yake hakuandika hata salamu.

Baada ya hapo kaka yetu aliendelea kufundisha, na hakubadilisha namna yake, maana aliamini ni ya haki, ila kutembea kwake kulibadilika. Zamani alitembea kama mtu anayekwenda mahali. Sasa alifika kwenye njia panda, akasimama, akarudi. Mara mbili alinunua tiketi ya meli kwenda Mwanza, akalala Bukoba, akarudi Muleba bila kupanda. Tulimgombeza. Alituambia hajui ataanza na neno gani, yeye aliyewafundisha nusu ya wilaya hii kupanga maneno.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Juni 1957, miguu ikavimba, akatibiwa hapa na Bukoba, akapata nafuu, akarudi darasani, na tarehe 4 Julai mwaka huu akalazwa mara ya mwisho. Daktari alimkataza kuinuka kitandani, akainuka. Alhamisi tarehe 18 Agosti asubuhi alimwita mdogo wake huyu anayesoma, akamtamkia neno lake polepole aliandike, akamwagiza alirudie mpaka aridhike nalo, kisha akasema lisomwe mbele za watu, kwa sababu lile jingine, la uani siku ya insha, nalo lilisemwa mbele za watu. Saa tisa alasiri, akiwa ameegemea bega la Bibi Anastazia, alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira mgonjwa asiyekubali kulala, inawashukuru walimu wenzake waliobeba vipindi vyake, inawashukuru majirani kwa ndizi, kuni, maji na mikono iliyochimba kaburi, inamshukuru Dhirubhai na mkewe Kantaben waliotoa sanda na gari la kwenda kupokea watu melini, na kama kuna aliyesahauliwa tunamwomba asinune, tunasoma huku tukitazama saa. Baba Padri ameshasimama. Tunamwona, Baba. Tunaomba kidogo tu.

Mnasema nini huko nyuma? Ni gari la Dhirubhai? Waitu, ndugu zangu, wapisheni njia, sogezeni hao watoto, mwacheni apite. Asikae, mleteni mpaka hapa kwenye sanduku. Karibu nyumbani, Kokwijuka. Pole kwa safari, mwanangu, mama yako huyu hapa, mshike kwanza.

Haya. Tunyamaze wote. Neno la marehemu ni hili.

"Kokwijuka, mimi baba yako nilikukosea. Ulikuja kwangu kama mtoto, nikakupokea kama mwanafunzi, tena mbele za watu. Kazi yangu ya shule naitetea hata sasa, lakini nyumbani ulihitaji mkono, nami mkono nilikuwa nao nikakunyima. Nilitaka kuja Mwanza, nikaona haya. Nisamehe, binti yangu, na usipoweza, bado wewe ni wa kwanza wangu."

Ndivyo alivyosema. Sasa binti ataanza kutupa udongo, na wadogo zake...

Anasemaje? Semeni kwa sauti, upepo unachukua. Anasema, "Baba mdogo, soma tena."

Baba Padri, tusamehe, saa imepita. Ndiyo, mwanangu. Nasoma tena, nasoma taratibu, na kaka yangu alale hapo alipo, apumzike, asitembee tena.

"Kokwijuka, mimi baba yako nilikukosea."