Tadei Mbawala, Mpiga Kinanda wa Mfaranyaki

Baba Paroko, ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi hapa Mfaranyaki, familia inawasomea kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu Tadei Mbawala, ambaye mchana huu tunakwenda kumlaza Maposeni.

Marehemu alizaliwa Maposeni tarehe 14 Aprili 1956, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Urban Mbawala na mama Lukresia Komba, alisoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha akaingia seminari ndogo, ambako hakupata wito wa upadre ila alipata kinanda, na mama yake, aliyekwisha kuwatangazia wanawake wa jumuiya kwamba anasomesha padre, alikaa mwaka mzima akijibu maswali yao.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa karani wa ghala la ushirika mjini Songea, akafanya kazi hiyo hadi mwaka 1994 alipopunguzwa pamoja na wenzake, wanunuzi binafsi walipokwisha kuichukua biashara ya mahindi, ndipo akafungua duka la mbegu na mafuta ya taa, duka ambalo mara nyingi lilisimamiwa na mama yake, kwa kuwa mwenye duka alikuwa kanisani anafanya mazoezi. Tarehe 19 Oktoba 1985 alifunga ndoa na Epifania Haule, wakajaliwa watoto wawili, Rupert na Pamela.

Nyumbani tulimfahamu kwa vipande vya Scarlatti, Mwitaliano wa zamani aliyetungia kinanda cha nyuzi, ambacho sauti yake hukatika papo hapo, ilhali kinanda chetu cha kukanyaga huivuta sauti, hivyo zile mbio zikipigwa kama zilivyoandikwa huvurugana kama ugali usioiva, na marehemu alitumia jioni zake kuzipanga upya, hapa anapunguza noti, pale anauongezea kazi mkono wa kushoto, kwa kuwa miguu ilikuwa na kazi ya kusukuma upepo, mpaka kipande kikapumua.

Alichotaka ni kimoja tu, watu wabaki wasikilize kipande mpaka mwisho. Lakini katika parokia yetu kinanda kikilia bila waimbaji, watu hujua misa imekwisha, na Pasaka ya mwaka 1989, alipopiga baada ya komunyo, mabenchi yakawa matupu na Padre akabaki na sala yake ya kufunga, akamwambia, "Tadei, umenitawanyia kondoo," na tangu hapo akaruhusiwa kupiga vipande vyake baada ya misa tu, akivipigia migongo ya watu. Alipomlalamikia mama yake kwamba hata yeye hutoka, alijibiwa, "Mwanangu, nimeacha maharage jikoni, hata wakipiga malaika nitatoka."

Jumapili ya tarehe 11 Januari 1998, mwaka ule wa mvua za El Nino, misa ilikwisha mvua ikiwa imeziba mlango, marehemu akaanza kupiga, lakini mabati yalimzidi sauti, mpaka Mzee Majaliwa, fundi cherehani jirani yetu, Mwislamu aliyeingia kujikinga mvua, akasogea akainamisha sikio kwenye kinanda, kisha akawaita walioketi, "Njooni huku, huko mnasikiliza mabati!" Watu wakainuka, wakakizunguka kinanda, mama yake akiwa miongoni mwao, na mmoja aliposema mvua imekatika, Mzee Majaliwa akamjibu, "Imekatika kwako, nenda. Mwalimu, malizia." Marehemu akamalizia, na hakuna aliyeondoka.

Agosti mwaka huohuo figo zilianza kumsumbua, akatibiwa hapa mjini na baadaye Peramiho, miguu ikavimba asiweze tena kukanyaga, mama yake akaketi naye kwenye benchi moja akamkanyagia, huku mwanawe akisema, "Mama, taratibu, hapa pumzi ndogo," na mama akisema mwendo huo si wa mtu wa umri wake, na kila Jumapili wale waliobaki kusikiliza walizidi kuongezeka, hadi Mungu alipomchukua asubuhi ya Jumatano, tarehe 2 Juni 1999, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mlioleta kuni, unga na maji kabla hatujaomba, wanakwaya, wenzake wa ghalani, na Mzee Majaliwa aliyeshona sanda kwa mkono wake.

Tadei, umekanyaga vya kutosha, pumzika kwa amani.