Mama Constance na Uchungu wa Fromaji ya Burungu

Baada ya miaka ishirini na minane katika labo ya maziwa ya Burungu, Mama Constance Twizeyimana anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kwa kupima maziwa ya wafugaji, na anaondoka akiwa mkuu wetu. Ukali wake kuhusu usafi tunaujua wote, maana hakuna aliyepona.

Kazi yake kubwa ilianza na lawama. Fromaji yetu, yaani jibini, ilikuwa ikikomaa inageuka chungu, na kosa akabebeshwa mfugaji mmoja, Papa Sébastien. Kiwanda kikayakataa maziwa yake, naye akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake. Mama Constance akakataa katakata: uchungu, alisema, ni wa vipande vya protini vinavyoitwa peptidi, ng'ombe wa watu hawana hatia. Katika maziwa ya mgando ya hapa hapa kwetu akapata bakteria yenye kimeng'enya cha kuzikata peptidi hizo.

Kukipata kikiwa safi sasa, njo kazi! Tulipasua bakteria, tukatenga protini kwa chumvi, tukachuja na kuchuja tena juu ya barafu. Kadiri tulivyokisafisha, ndivyo kilivyolegea. Frigo ikatukanwa bure, jenereta nayo. Kisha barabara ya Goma ikafungwa, ikatuishia dawa ya kunasa madini, ambayo Mama Constance, kwa kutoyaamini maji yetu, alilazimisha itiwe kila chomboni. Akafanya kazi bila dawa, amenuna. Kimeng'enya kikakata vizuri ajabu! Kumbe kinahitaji madini ya zinki, nasi kwa dawa ile tulikuwa tukikinyang'anya kwa bidii zote. Alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo tukapima joto na uchachu kinaoupenda, na peptidi kinazozimaliza.

Fromaji ya kwanza yenye kimeng'enya hicho aliitengeneza kwa maziwa ya Papa Sébastien peke yake, akamwita aionje mbele ya wakubwa wa kiwanda. Mzee akatafuna polepole, akameza, akanyoosha mkono aongezwe. Maziwa yake yakapokelewa tangu siku ile, na hakuna ng'ombe aliyeuzwa.

Asante, Mama Constance, hata kwa makaripio. Nenda kwenye maharagi yako kwa amani, na afya isikupungukie. Papa Sébastien naye ametutuma: maziwa ya kwako atayaleta yeye mwenyewe kila asubuhi, usitume mutu.

Raphaël, kwa niaba ya labo