Nilipoulizwa Kama Nina Hakika

Mama zangu, dada zangu, na akina baba wachache mliojibanza kule nyuma, Mungu awape amani. Nimeombwa niseme jinsi nilivyoupata ukunga. Nitasema.

Wengi mnakumbuka nilipoondoka hapa Kinampanda kwenda kusomea ukunga hospitalini. Nilikuwa binti wa kwanza wa hapa kwenda kusoma. Wazee walimwambia baba, "Tuone wa kwako kwanza. Akirudi na cheti, na sisi tutawatoa wa kwetu." Ndugu zangu, nawaambia, maneno hayo yalinilemea kuliko vitabu vyote. Nilisoma miaka mingi, nikazalisha chini ya macho ya walimu wangu, mikono ikazoea. Ukabaki mtihani wa mdomo, kule Singida mjini.

Nikaingizwa chumbani. Meza ndefu, madaktari watatu, Wazungu wote. Wa katikati alijua Kiswahili vizuri. Akaniuliza, "Mama amejifungua, kondo la nyuma limetoka lote, lakini damu inamwagika. Unafanya nini kwanza?"

Nilijua. Nikasema, "Nasugua tumbo mpaka mji wa mimba ujikaze, bwana."

Akaniangalia. "Una hakika?"

Basi. Neno hilo moja tu. Nikaona nimemkosea Mzungu. Haraka nikasema, "Hapana, bwana, samahani. Kwanza nakimbia kumwita daktari."

Akaweka kalamu chini. "Mama huyo amekwisha kufa," akasema. "Jibu lako la kwanza lilikuwa sawa. Nenda."

Nilirudi nyumbani kwa lori, nimejifunika kanga usoni. Walimu walisema nitajaribu tena mara moja tu, nikishindwa nisirudi. Wiki nyingi sikutoka ndani. Sauti ya kiume ikipita njiani, nafunga mlango. Nikasikia na wazee wanasema, "Mmeona? Wasichana hawawezi."

Shangazi yangu ndiye aliyenitoa. Alisimama mlangoni na majembe mawili. "Twende tukapalilie uwele."

"Shangazi, siwezi."

"Jembe haliulizi maswali. Twende."

Kule shambani akataka nimweleze yote yaliyonipata. Nikamweleza. Akapalilia, halafu akasema, "Niambie jambo moja la kazi yako."

"Mtoto akizaliwa hapumui, namsafisha kinywa kwanza."

"Uongo!"

Nikashtuka. "Shangazi, kwani wewe unajua?"

"Mimi sijui lolote. Lakini kusema 'Uongo!' ninajua. Haya, ni kweli au si kweli?"

Nikasema, kwa sauti ya panya, kwamba ni kweli. "Uongo!" akanifokea tena, jembe juu. Akina mama, tulipalilia shamba zima namna hiyo. Kila jibu, uongo. Mwanzoni nililia. Baadaye nilikasirika. Mwishowe nikaanza kumwambia sababu, moja baada ya nyingine, mpaka yeye mwenyewe akashusha jembe.

Msidhani hofu iliisha. Siku ya mtihani wa pili nilitapika kabla ya kuingia. Meza ile ile, daktari yule yule.

"Mtoto ametanguliza makalio. Mwili umetoka mpaka kitovuni. Unavuta?"

"Sivuti, bwana. Mama asukume mwenyewe."

"Una hakika?"

"Ndiyo, bwana."

Akasimama. Alikuwa mrefu sana. "Mimi ni daktari. Nimesimama karibu nawe, nakuamuru uvute."

Ndugu zangu, akina baba mtanisamehe: nilijikojolea. Kidogo, lakini nilijikojolea. Nani kati yetu hapa amewahi kumwambia Mzungu hapana? Babu yangu hakuwahi. Baba yangu hakuwahi. Nikasikia meno yangu yanagongana, halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Naomba radhi, bwana. Hata ukiniamuru, sivuti. Nikivuta, mikono ya mtoto itapanda juu, na kichwa kitakwama."

Nikaambiwa nikasubiri nje. Nikawasikia wanazungumza Kiingereza, mmoja akacheka. Nikajua nimekwisha, na mabinti wa Kinampanda wamekwisha pamoja nami.

Waliponiita, machozi yananitoka.

"Unalia nini?" akauliza daktari.

"Naogopa, bwana."

"Nilipokuamuru uvute, uliogopa pia?"

"Sana, bwana."

"Na hukuvuta." Akaketi. "Mkunga wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta. Umefaulu."

Namshukuru Mungu. Nawashukuru walimu wangu walionipa nafasi ya pili wakati wangeweza kunifukuza. Namshukuru shangazi, yule pale, ameinamisha kichwa kama vile si yeye. Nanyi wazee, mlitimiza neno lenu: mabinti wawili wa hapa wako hospitalini sasa, wanasoma.

Ninalowaachia ni hili. Mtu akikuuliza kama una hakika, hajakuambia umekosea. Amekuuliza tu. Rudi ndani yako, utazame unachokijua, umjibu. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Mama aliyelala kitandani hahitaji sauti yako, anahitaji mikono yako.