Malachy Mulvey na Hukumu ya Sauti Moja

Padri, majirani zetu wa Drumcondra, na ninyi mliowahi kukaa darasani kwake, mimi ni Dympna, mke wa marehemu, familia imeniomba niwasomee habari za maisha yake, nanyi mtanivumilia nikisoma nimekaa, maana nimechoka.

Marehemu Malachy Mulvey alizaliwa tarehe 3 Februari 1949, Ballinamore, kaunti ya Leitrim, kitinda mimba wa wakulima Hugh na Bridie, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari ya bweni Cavan, mwaka 1967 akaja Dublin kusomea sheria, mwaka 1972 akavaa joho la wakili wa mahakamani, akavumilia baridi na mfuko mtupu kwa miaka mitatu, akalivua.

Oktoba 1975 aliajiriwa chuoni, akatwikwa somo ambalo wenzake wote walilikwepa, la kuwaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi sheria ya Ireland inavyofanya kazi, akalifundisha hadi Mei 2014, kila vuli akianza upya, kwamba Katiba iko juu ya Bunge, kwamba hakuna wa kuibadilisha ila wananchi kwa kura ya maoni, kwamba mahakama ya chini hufuata ilichoamua ya juu, kisha akawapeleka Mahakama ya Wilaya wakaone watu wazima wakigombania mbwa na uzio. Alirudi nyumbani sauti imekauka, akaniambia, "Dympna, leo tena wameniuliza kama Rais anaweza kumfukuza jaji."

Tulifunga ndoa tarehe 19 Agosti 1978, tukajaliwa Orlaith na Colm, hawa mnaowaona hapa mbele, na nyumba yetu ikaendeshwa kwa kanuni aliyoipenda kuliko zote, ile iliyotaka Mahakama ya Juu, inapoamua kama sheria inaafiki Katiba, itoe hukumu moja tu, na jaji aliyepinga asijulikane hata kwamba alikuwepo. Orlaith akinyimwa ruhusa ya kwenda dansi aliuliza, "Aliyekataa ni wewe au mama?" naye akamjibu, "Mahakama haisemi, kula viazi vyako." Nyingi ya hukumu hizo nilizipinga, nikanyamaza.

Mwaka 2013 wananchi walipiga kura, kanuni hiyo ikalegezwa, majaji wakaruhusiwa kutoa kila mmoja maoni yake katika kesi nyingi za namna hiyo, na Malachy akakaa jikoni na kalamu nyekundu akirekebisha maelezo yake ya miaka yote, huku ananung'unika, "Sasa kila mtu atasema lake, tutalala saa ngapi?"

Mwaka 2017 aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, mikono ikaanza, miguu ikafuata, mwishowe sauti, nikamuosha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, hadi alipofariki tarehe 14 Novemba 2023, alfajiri, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Mwalimu wa sheria hakuacha hata neno moja kuhusu kaburi. Tulikaa mezani, mimi, watoto, na kaka yake Packie aliyeshuka kutoka Ballinamore, na Packie akasema, "Shemeji, mtu wa Leitrim hulazwa Leitrim, hapo usinitie maneno," watoto wakamuunga mkono, na tangazo mlilolisoma likasema familia imeamua, kwa sauti moja, kama mwenyewe alivyopenda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea supu na mikate hata tukakosa pa kuiweka, walimu wenzake, na wanafunzi wake, ambao baadhi yenu leo ni majaji.

Gari liko nje, safari ni ndefu, na hukumu hii haina rufaa. Lakini kwa kuwa sasa inaruhusiwa, nasema mbele yenu kwamba mimi nilipinga. Nilitaka alale Glasnevin, makaburi ya hapa jirani, ambako ningefika kwa miguu yangu hii mibovu, hata kila siku, nimwambie nimekula nini. Ballinamore siwezi kufika peke yangu.

Pumzika kwa amani, Malachy, nami nitakuja siku nikipata wa kunileta.